Ushuhuda Ambao Sikuumaliza

Masomo: Marko 8:22–26, Matendo 12:1–17, Marko 5:35–43



Wengi wenu mnakumbuka ile Jumapili niliposimama mbele ya kanisa, nimevaa suti ya kijivu iliyokuwa imenipwaya, nikashika maikrofoni nikasema, "Nilikuwa nimekufa, na sasa niko hai. Nimepona asilimia mia kwa mia." Kanisa lote lilisimama. Kina mama walipiga vigelegele, vijana wa kinanda hawakungoja ishara, na tulicheza mpaka ibada ya pili ikachelewa kuanza.

Sasa ni zaidi ya miaka mitatu. Mwezi uliopita nilimwendea Mchungaji ofisini nikamwambia kuna jambo linaninyima amani. Ule ushuhuda haukuwa kweli yote. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli: nilikufa, na niko hai. Nusu ya pili niliisema kwa sababu nilijua ndiyo mliyokuwa mnaingoja, na mimi pia nilitamani iwe kweli. Nilimuuliza Mchungaji: mtu akimshukuru Mungu kwa maneno yaliyopita ukweli, amemtukuza au amemsingizia? Mchungaji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hilo swali liandikie kanisa." Ndiyo maana ninaandika.

Yaliyotokea

Kwa wale ambao hawakuwepo, nieleze kwa ufupi. Na nitaeleza vile nilivyoambiwa, kwa sababu mimi mwenyewe sikumbuki kitu kuanzia Ijumaa jioni hadi wiki iliyofuata. Ilikuwa Jumamosi, tunapanga viti kwa ajili ya mkutano. Nilikuwa nimebeba viti vinne vya plastiki. Nikaanguka navyo. Watu walicheka kwanza, wakidhani nimeteleza. Halafu wakaona midomo inageuka rangi.

Watu wengi husema nilipata "mshtuko wa moyo" kama ule wanaopata wazee wenye presha. Daktari alinieleza tofauti, na nimeishika kwa mfano huu. Kuna ugonjwa ambapo mshipa wa damu wa moyo unaziba, kama bomba la maji lililoziba. Mtu anaumwa kifua, anatoka jasho, lakini moyo bado unapiga na yeye anaweza kuongea. Yaliyonipata mimi ni kama stima kupotea. Mpigo wa moyo unavurugika, damu haisukumwi tena, na mtu anazimika palepale. Lile la bomba linaweza kuleta hili la stima, lakini si kitu kimoja. Na stima ikipotea hakuna muda wa kungoja. Ubongo ukikosa damu kwa dakika nne hivi unaanza kuumia. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa, nafasi ya kuishi inashuka kwa karibu asilimia 7 hadi 10.

Kulikuwa na dada mmoja pale, mwanafunzi wa uuguzi, anayehudumu mlangoni. Watu walikuwa wamenizunguka wakiomba kwa sauti, wengine wananimwagia maji. Yeye alipiga magoti, akaweka viganja viwili katikati ya kifua changu, akaanza kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka, kama mara mia moja na zaidi kwa dakika. Mzee mmoja alimwambia, "Binti, utamvunja mbavu!" Akajibu bila kuacha, "Mbavu zitapona, baba. Leteni gari." Alivunja mbili. Mlinilaza nyuma ya pikapu na yeye akaendelea kukandamiza njia nzima mpaka hospitali, ambapo walinishtua kwa mashine na moyo ukarudi. Siku sita nilipumulia mashine. Baadaye walinipandikiza chini ya mfupa wa bega kifaa kidogo kinachoulinda moyo, kikiona umevurugika kinaushtua chenyewe.

Pesa za hicho kifaa zilitoka kwenu. Mlifanya mchango. Kuna mama anayeuza mboga hapa stejini alituma shilingi 200 kwa simu, mara tatu, wiki tatu tofauti. Hayo yote niliyasema kwenye ushuhuda na yote ni kweli. Haleluya.

Niliyoyaacha

Sasa nieleze yale sikusema.

Sikusema kwamba siku hiyo ya ushuhuda, mke wangu alikuwa ameniandikia majina kwenye karatasi mfukoni, kwa sababu nilikuwa nimesahau jina la mzee wa kanisa ambaye tumetumika naye miaka kumi na mmoja. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimefundisha kidato cha tatu na cha nne nusu ya maisha yangu. Niliporudi shuleni, hesabu zenyewe zilikuwepo. Za zamani hazikuniacha. Lakini nilikuwa naweza kuandika swali ubaoni, nigeuke nichukue chaki, nirudi nisijue nilikuwa nataka kuonyesha nini. Watoto walijua kabla ya mwalimu mkuu kujua. Mmoja alinyanyuka akasema kwa heshima sana, "Mwalimu, hiyo umetufundisha jana." Nilimfukuza darasani. Jioni nililia ndani ya choo cha walimu.

Sikusema kwamba nachoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Sikusema kwamba nimekuwa mkali nyumbani, mimi niliyekuwa sijawahi kuinua sauti. Wala sikusema kwamba naogopa kulala, naogopa ngazi, naogopa hicho kifaa chenyewe. Nikisikia moyo umeruka mpigo mmoja, nashika kifua nangoja.

Na sikusema habari za mama watoto wangu. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alikuwa akilala mkono wake ukiwa kifuani mwangu. Nilidhani ni mapenzi, na ni mapenzi, lakini usiku mmoja niliamka nikamkuta ameketi kitandani gizani, anahesabu pumzi zangu. Nikamwambia, "Mama, lala, mimi ni mzima." Akaniambia, "Baba, wewe hukuniona nikikuangalia ukiwa umekufa. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo." Maneno hayo yalinikata. Mimi, niliyekufa, sina kumbukumbu hata moja ya siku ile. Yeye anayo yote. Na kila Jumapili watu wanamshika mkono wakimwambia, "Mama, umebarikiwa, Mungu amekurudishia mume." Anatabasamu, anasema amina.

Je, kusema hivyo ni kukosa shukrani?

Hapa ndipo swali lilipo, wapendwa, na sitaki kulipita haraka.

Tumefundishwa, na ni mafundisho mema, kwamba ulimi una nguvu. Tumefundishwa kukiri ushindi. Ndugu mmoja ninayempenda sana aliniambia, "Mwalimu, ukianza kusema umesahau, umechoka, unaogopa, unampa adui mlango. Kiri uzima, uzima utakuja." Sitaki kumdharau. Kuna siku nimeamka nikakiri uzima kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika, na nimeinuka.

Tena kuna mchango wenu. Mtu aliyetolewa pesa za mfukoni na mama muuza mboga anapata wapi uso wa kulalamika? Niliona kama deni. Nilisema moyoni: watu hawa wamenunua mtu mzima, nitawapaje mtu nusu? Kwa hivyo nikawapa mtu mzima kwa maneno, huku yule nusu nikimficha nyumbani. Na aliyeulipia huo uongo ni mke wangu na watoto, kwa sababu wao ndio walioishi na yule niliyemficha.

Kilichonigeuza ni Marko sura ya 8. Mnaijua habari. Wanamletea Yesu kipofu pale Bethsaida. Yesu anamtoa nje ya kijiji, anamgusa macho, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Mara ngapi nimeisoma bila kuona kwamba hapo Bwana anauliza! Yule mtu angeweza kujibu kama mimi. Mbele yake yuko mtenda miujiza mkubwa kuliko wote, na rafiki zake wamefanya kazi ya kumleta. Ilikuwa rahisi aseme, "Naona vizuri, Bwana, asante." Lakini alisema ukweli: anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Na Yesu hakumkemea kwa imani haba, wala hakusema amemwaibisha. Alimgusa mara ya pili.

Sasa fikiria kama angedanganya kwa sababu ya adabu. Angerudi nyumbani akigongana na watu, na kila mtu angesema Yesu amemponya. Jibu la kweli ndilo lililofungua nafasi ya mguso wa pili. Naamini sasa kwamba kusema "Bwana, naona, lakini bado si sawasawa" ni imani pia. Ni kumwamini kwamba hataudhika.

Kwa hivyo kukiri uzima ni kitu kimoja, na kukana ugonjwa ni kitu kingine. Ninapokiri uzima namwambia Mungu ninachokingojea. Ninapokana ugonjwa nawaambia watu uongo kuhusu nilipo. Kutoka nje vinasikika karibu sawa, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa navichanganya.

Walioanguka mbele ya dunia

Vijana wa kanisa wanapenda mpira, na mimi pia. Acha nitoe mfano huko.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Uingereza, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 akichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Alikuwa na miaka 23. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, huku madaktari wakimshughulikia, mmoja wao daktari wa moyo aliyekuwa amekuja tu kutazama mechi. Watu wengi duniani walimwombea. Akaishi. Agosti mwaka huohuo, alistaafu mpira. Hakucheza tena.

Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, kwenye mechi na Finland. Yeye alishtuliwa kwa mashine palepale uwanjani, akazinduka. Alipandikizwa kifaa kama hiki changu. Kwa sababu yake hakuruhusiwa kuendelea kuchezea klabu yake ya Italia, akahamia Uingereza, na tarehe 16 Juni 2024 alifunga bao katika mashindano yaleyale ya Ulaya, dhidi ya Slovenia.

Na kabla yao, tarehe 26 Juni 2003 mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka kwenye mechi na Colombia, miaka 28, na hakuamka.

Huyu alikufa. Huyu aliishi lakini kazi yake ikaisha. Huyu aliishi na akafunga bao. Nani kati yao aliombewa vizuri zaidi? Ukijibu hilo swali, ujue umekalia kiti ambacho si chako.

Kuna picha moja ya siku ya Eriksen ambayo siwezi kuisahau, ijapokuwa mambo mengi nayasahau. Wachezaji wenzake walimzunguka duara, wakampa mgongo, nyuso zao zikitazama nje, wengine wanalia, ili kamera za dunia zisimwone akiwa chini amelala. Hawakuwa madaktari. Walichoweza ni kusimama na kumsitiri. Nilipoiona tena baada ya yangu kunipata, niliwaza: kanisa linajua sana kumwinua mtu juu jukwaani aonekane. Je, tunajua pia kumzunguka na kumpa mgongo?

Mama aliyekuwa wodi ya pili

Sasa niseme lililo zito zaidi, ambalo ndilo lililonipeleka ofisini kwa Mchungaji.

Wiki niliyokuwa mahututi, kitanda cha jirani kulikuwa na mwanamume mwingine, mdogo kuliko mimi, naye moyo ulisimama ghafla nyumbani kwake. Mke wake na wangu walikaa kwenye benchi moja nje ya mlango. Walishiriki chai ya thamosi moja. Waliomba pamoja, wakishikana mikono, kwa jina lilelile. Siku ya nne yule ndugu alifariki. Siku ya sita mimi nilifungua macho.

Miezi kadhaa baadaye yule mama alikuja kanisani kwetu. Mke wangu ndiye alimwalika. Alikuja Jumapili ile ya ushuhuda wangu. Na mimi, nikiwa na maikrofoni, nilisema maneno haya, mengi wenu mliyaitikia kwa amina: "Nimerudi kwa sababu mke wangu alikataa! Alisimama katika imani, hakukubali kifo!"

Hakurudi kanisani kwetu. Mwaka jana tulikutana kwenye foleni ya kliniki; alikuwa amemleta mama mkwe wake. Nilimsalimia kwa furaha. Alinijibu vizuri, kwa upole, halafu akaniuliza, "Ndugu, nikuulize? Mimi kwani nilikubali?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nasikia hilo swali.

Nilipofika nyumbani nilifungua Matendo sura ya 12. Nilikuwa nimeihubiri hata kwenye ushirika wa nyumbani: Petro gerezani, kanisa linaomba, malaika anakuja, minyororo inaanguka. Tunapenda hiyo habari. Lakini mwanzo wa sura ileile, mstari wa pili tu, Yakobo ndugu yake Yohana anauawa kwa upanga. Herode mmoja, kanisa moja. Mtume mmoja anazikwa, mwingine anabisha hodi mlangoni. Luka hasemi hata neno moja kwamba Yakobo hakuombewa, au kwamba mama yake alikosa imani. Anaandika tu yaliyotukia na anaendelea. Kama Petro alipotoka gerezani angesema mbele ya mjane wa Yakobo, kama alikuwa na mke, "Mimi nimetoka kwa sababu watu wangu walikataa," hilo lingekuwa ushuhuda au lingekuwa jiwe?

Siwezi kueleza kwa nini mimi na si yule ndugu. Ninachoweza kueleza kiko wazi: kulikuwa na dada aliyejua kukandamiza kifua, na hospitali ilikuwa karibu. Nyumbani kwa yule ndugu hakukuwa na mtu aliyejua. Hata Marekani, penye magari ya dharura mengi, kati ya watu kumi wanaoanguka hivi nje ya hospitali ni kama mmoja tu anayerudi nyumbani akiwa hai. Mikono ya yule dada naiita rehema ya Mungu, na nitaiita hivyo mpaka nife mara ya pili. Lakini rehema haina maana kwamba nilistahili, wala kwamba mwingine hakustahili. Nikianza kuieleza kama mshahara wa imani yetu, nimegeuza zawadi kuwa malipo, na nimemtoza mjane deni ambalo Mungu hajamtoza.

Nilimtafuta yule mama. Nilikwenda na mke wangu, nikamwomba msamaha. Alitupikia chai. Hakusema mengi. Alisema, "Sikutaka wewe ufe. Nilitaka tu mtu aseme kwamba mimi pia niliomba." Basi nasema hapa, kwa maandishi: mama, wewe pia uliomba. Mke wangu ni shahidi.

Nani amfungue?

Bado liko swali la deni. Nimepewa uhai; nifanye nini ili niustahili? Mwaka wa kwanza nilijaribu kulipa. Nilijiandikisha kila huduma, kesha kila Ijumaa, mpaka mwili ukagoma. Sasa naona kwamba huwezi kulipa zawadi ya namna hiyo, na ukijaribu unakuwa mtumwa badala ya mwana.

Angalieni Yesu katika Marko 5. Binti wa Yairo ameamka, miaka kumi na miwili, nyumba imeshangaa. Yesu hakumpa maikrofoni. Tena aliwakataza wasilitangaze jambo hilo, na jambo la mwisho alilosema ni kwamba mtoto apewe chakula. Na Lazaro, Yohana 11, alitoka kaburini bado amefungwa sanda mikono na miguu, na Bwana akawaambia waliokuwepo wamfungue. Yeye aliyeweza kuita mfu kwa jina hakushindwa kufungua kitambaa. Aliwaachia wao.

Inaonekana hata madaktari wamefika hapo. Mwaka wa 2020 Chama cha Moyo cha Marekani kiliongeza pete ya sita kwenye mnyororo wao wa kuokoa maisha. Pete tano za kwanza ni kuita msaada, kukandamiza kifua, kushtua moyo, matibabu ya dharura na matibabu ya hospitali. Ya sita ni kupona, yaani miezi na miaka baada ya mtu kurudi nyumbani. Wanashauri aliyenusurika achunguzwe uchovu, hofu na huzuni, na pia wale wanaomtunza wachunguzwe. Niliposikia hilo nilimwambia mke wangu, "Sikia, hata wewe umo kwenye mnyororo." Akaniambia, "Nilijua nimo. Sikujua kuna mtu ameniandika."

Kwa hivyo naomba vitu vichache kwenu, familia yangu.

Mkimuuliza mtu aliyetoka kwenye mauti, "Unaendeleaje?", na akajibu "Mungu ni mwema," muulizeni tena mara ya pili. Bwana aliuliza Bethsaida na alingoja jibu la kweli.

Msimsahau anayelala kitanda kimoja na muujiza. Mama mmoja kutoka ushirika wetu alikuja kwetu Jumamosi moja akamwambia mke wangu, "Nenda kwa dada yako ukalale, mimi nitakaa na Mwalimu." Alilala saa kumi na mbili. Hakuna mahubiri yaliyomsaidia kuliko hayo.

Mwacheni mtu arudi na kazi anayoiweza. Siku hizi nafundisha vipindi vichache, nina daftari mfukoni, na darasa linajua kwamba mwalimu akisimama kimya wanamkumbusha. Yule kijana niliyemfukuza ndiye msaidizi wangu mkuu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Na tujifunze kukandamiza kifua, kila mmoja wetu, wazee na vijana. Yule dada amekubali kutufundisha Jumamosi ya mwisho ya mwezi, hapa kanisani, saa nne asubuhi. Hakuna anayesema tusiombe. Siku ile mliomba na yeye akakandamiza, na Mungu hakuchagua kimoja akakataa kingine.

Sasa nimalize ushuhuda wangu vizuri. Nilikufa, na niko hai. Daktari aliniambia nafuu kubwa ya kumbukumbu huja miezi ya kwanza, na baada ya hapo ni polepole. Huenda niliyo nayo leo ndiyo nitakayokaa nayo. Nasahau. Nachoka. Hofu imepungua, haijaisha. Mke wangu ameanza kulala usiku kucha, si kila usiku. Namshukuru Mungu kwa hayo yote nikiwa na macho wazi, na bado namngoja kwa mguso wa pili, hapa au kule ng'ambo. Hiyo ndiyo asilimia niliyo nayo. Bwana asifiwe.

Tuombe

Baba, asante kwa pumzi. Tusamehe pale tulipokusifu kwa maneno yasiyo ya kweli, na pale sifa zetu zilipomuumiza aliyefiwa. Wape nguvu wanaowatunza waliorudi. Tufundishe kufungua sanda za wenzetu kwa mikono yetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Kuna jambo umelishuhudia kanisani ambalo ungependa kulimalizia ukweli wake? Ni nini kinakuzuia?

2. Someni Matendo 12:1–17 tangu mstari wa kwanza. Mjane au mzazi aliyefiwa akisikia shuhuda zetu, anasikia nini kuhusu maombi yake?

3. Katika ushirika wenu kuna nani anayemtunza mtu aliyenusurika? Wiki hii mtampunguzia mzigo gani, siku gani, na nani atakwenda?